Hadithi Iliyokosa Mbuzi

Thika, 9 Februari 1958

Dada yangu Mbula,

Natumaini barua hii itakukuta ukiwa mzima na kwamba karani wa posta hatailalia kama ile ya Krismasi. Mimi sina neno, isipokuwa mikono. Msimu wa mananasi umepamba moto hapa kiwandani na yale maji yake yanakula ngozi mpaka kushika kalamu ni taabu. Ukiona herufi zimelala, usidhani nimeanza kunywa. Mama amenitumia salamu kwa mdomo wa mzee Nzioka. Mbaazi zimekubali, paa la jiko linavuja palepale, na anauliza habari zako na za huyo Boaz wako wa kwenye kinu cha kahawa. Nami nauliza vilevile.

Sasa nikupe habari yenyewe. Nimeanza masomo. Kila Jumamosi alasiri, kazi ikiisha, naoga, navaa ile kofia ya baba yenye utepe wa kijani, nakwenda katika chumba cha kanisa hapa karibu na Eneo la Viwanda. Mwalimu wetu anaitwa Absalom. Herufi tunazijua sote. Yeye anatufundisha kusoma hadithi hasa. Kumbe mtu wa ndani ya hadithi anaitwa mhusika. Mahali penyewe na hali yake, kama ni sokoni au ni asubuhi ya ukungu, ni mandhari. Anayeisimulia ni msimulizi. Halafu kuna sifa, na hapo ndipo ninapopapenda. Hatusemi tena kwamba fulani ni mtu mbaya. Tunasema ni mchoyo, au mkaidi, au mwenye majivuno, au mwepesi wa hasira, na kila neno lina mtu wake.

Tangu nijifunze hayo siwezi kumtazama mtu bila kumbandika sifa. Msimamizi wetu ni mwepesi wa hasira. Mwenye mkahawa ni mchoyo. Ninayelala naye chumba kimoja ni mvivu mwenye majivuno, na huo ni mchanganyiko mbaya sana. Nitakuwa nakuandikia maneno haya ili nawe yakufae.

Ni mimi kaka yako,
Muasya


Ruiru, 23 Februari 1958

Kwa kaka Muasya,

Nimefurahi kupata barua na nimefurahi zaidi kusikia mbaazi zimekubali. Huku tunapogoa mikahawa, jua ni kali, mchanga umekuwa wa moto. Boaz anakusalimu. Anasema kwao Wajaluo mtu mwenye maneno mengi kama wewe angepewa kazi ya kuongea matangani.

Umewabandika watu wote sifa, ila mmoja. Mwalimu wako amekupa wewe sifa gani? Au msimulizi hapewi?

Na sisi tuna habari. Boaz amezungumza na mchungaji. Tutatangazwa kanisani Jumapili ya kwanza ya mwezi wa tano, na Mungu akipenda ndoa itafuata baada ya mavuno madogo. Tangu baba afariki, wewe ndiye mwanamume wa kwetu, kwa hiyo ningependa uwepo. Najua barabarani kuna vizuizi na askari wanadai makaratasi, lakini Ruiru si Mombasa.

Wanawake wa hapa kambini wananiita Mama Jogoo. Ni makosa yangu. Niliwasimulia tukiwa kazini jinsi yule jogoo wangu alivyowika kwapani alfajiri ile na kuamsha mbwa wa kijiji kizima. Walicheka mpaka nyapara akaja. Nilikuwa natoka wapi na jogoo kwapani, hilo sikuwaambia. Hayo si maneno ya kambini.

Dada yako,
Mbula


Thika, 2 Machi 1958

Dada Mbula, mchumba wa watu,

Barua yako nimeisoma mara nyingi na kila mara nacheka kwa sababu ya Boaz. Mwambie kazi ya matangani nitaikubali akinilipia nauli. Mama amesikia habari ya kutangazwa na mzee Nzioka anasema alilia kidogo na kupika maharagwe. Mwezi wa tano nitaomba ruhusa mapema.

Mwalimu Absalom ametupa kazi ngumu. Kila mtu alete hadithi kutoka kwao, asimulie mbele ya darasa, na sisi wengine tutaje sifa za mhusika. Anasema wengi wetu tunasimulia ovyo, tunaingiza shangazi na mbuzi na mvua ya mwaka jana, mpaka msikilizaji anapotea. Hapo nikanyoosha mkono. Nikamwambia, mwalimu, ni kama nanasi kwenye meza yetu kiwandani. Unatoa maganda, unatoa macho, unatoa ule moyo mgumu wa katikati, kinachobaki ndicho kinachoingia mkebeni. Mwalimu alifurahi akaandika nanasi ubaoni. Tangu siku hiyo darasa zima wanasema, "Kata kama Muasya."

Hadithi yangu ninayo tayari. Ni nzuri. Nimeikata nikaikata tena.

Kaka yako mwanafunzi,
Muasya


Ruiru, 30 Machi 1958

Kwa Muasya,

Mimi ni mzima. Boaz ni mzima.

Nakuomba unieleze maneno mawili matatu ya hilo darasa lenu. Mtoro ni nani? Nilidhani ni mtoto anayekwepa shule. Anaweza kuwa mtu mzima? Na mtu asiye haya ni yule aliyefanya nini hasa? Je, mhusika anachaguliwa sifa na nani, na mwenyewe huulizwa?

Pia nieleze kama darasani kwenu yuko mtu mwenye ndugu huku Ruiru.

Mbula


Thika, 7 Aprili 1958

Dada yangu,

Heri ya Pasaka. Jana kwaya iliimba vizuri na mimi nilikula nyama kwa mara ya kwanza tangu Januari. Mama ana kikohozi kidogo, usiwe na wasiwasi.

Maswali yako yamenipendeza sana. Nilimwonyesha Mwalimu, akasema, "Huyu dada yako ana kichwa." Mtoro ni yeyote anayekimbia mahali anapopaswa kukaa, hata akiwa na mvi. Asiye haya ni mtu anayefanya jambo la aibu mchana kweupe na bado anatembea kichwa juu. Sifa huchaguliwa na wasomaji kutokana na matendo. Mhusika haulizwi, Mbula. Atajibu vipi naye yumo hadithini?

Tena nikupe mfano uone jinsi tunavyofanya kazi. Hadithi yangu ilipita zote. Kulikuwa na mwanamke, nikamwita Ndila, aliyechoka na mume wake. Alfajiri moja akafungua mlango polepole, akamchukua jogoo wake, akatoka. Alipofika katikati ya kijiji, jogoo akawika kwapani. Mbwa wakaamka, watu wakachungulia, na Ndila akaendelea kutembea kana kwamba jogoo si wake. Watu walicheka mpaka benchi moja likaanguka. Kisha tukataja sifa na Mwalimu akaziandika ubaoni: mkaidi, mtoro, asiye na shukrani, asiye haya. Aliyezitoa karibu zote ni Nafuna, mke wa dereva wa lori, mwanamke hodari sana. Na umekisia sawasawa, ana dada yake huko Ruiru, upande wa kinu, na humtembelea Jumapili.

Najua ungeisikia ungeitambua na ungecheka. Jina nilibadilisha.

Kaka yako,
Muasya


Thika, 11 Mei 1958

Dada Mbula,

Sijapata jibu. Labda mvua hizi, maana hata reli tunasikia ilikatika mahali. Mama kikohozi kimepungua. Mimi mikono imepona kwa sababu mananasi yamepungua, na sasa wanatuweka kwenye kubandika karatasi za mikebe.

Niliahidi kuja Jumapili ya kwanza na sikuja. Ruhusa ilikataliwa, na yule ambaye angenishikia zamu aliugua. Nieleze, mlitangazwa? Watu walipiga vigelegele? Mchungaji aliweza kutamka jina la baba?

Nimekutumia mkebe mmoja wa mananasi kwa dereva wa basi. Umebonyea kidogo, ndiyo maana walituachia, lakini ndani ni safi.

Kaka yako,
Muasya


Ruiru, 25 Mei 1958

Kaka Muasya,

Mkebe umefika. Niliwagawia watoto wa jirani, mimi sikuonja. Nimemtumia Mama sukari na majani kwa mkono wa Syombua, yule mama wa Kangundo, Mkamba mwenzangu wa pekee katika laini yetu ya nyumba.

Uliuliza kama tulitangazwa. Hatukutangazwa.

Jumapili ile nilivaa gauni langu la bluu. Mchungaji akasoma majina ya watu wengine na yetu akayaruka. Baada ya ibada tukaitwa chumba cha nyuma mbele ya wazee wa kanisa. Mmoja wao akaniuliza, "Mama, sisi tunasikia wewe ulikuwa na bwana huko kwenu, ukaacha yeye, ukatoroka usiku na kuku. Ni kweli ama ni uwongo?" Boaz habari yangu aliijua yote, nilimweleza kabla hajaniposa. Lakini hakujua kwamba imekuwa mali ya watu. Alinitazama, nami nikatazama miguu yangu.

Nafuna wako alimsimulia dada yake. Dada yake akaipeleka mferejini. Wanawake wa kambini walikuwa na jogoo tayari, niliwapa mimi mwenyewe. Wewe ukawapa mume. Tangu mwezi wa tatu nikifika na debe langu, mazungumzo yanakatika. Siku moja mke kijana wa nyapara alizitaja sifa zako zote nyuma yangu, mkaidi, mtoro, asiye na shukrani, asiye haya, kwa mpangilio uleule uliouandika baadaye katika barua. Ndipo nikakuuliza maana yake. Nilitaka uniambie kwamba huzijui. Ukanijibu kwa furaha, ukaongeza na benchi lililoanguka.

Sasa nijibu na wewe swali moja. Mbuzi wa ntheo wako wapi?

Katika hadithi yako sikuwaona. Wewe ni Mkamba, unajua. Mpaka mwanamume alete mbuzi wa ntheo kwa baba wa msichana, wachinjwe, ukoo wa msichana ule, hakuna mke hapo. Kuna msichana anayekaa kwenye nyumba ya watu. Mbuvi aliahidi kuwaleta baada ya mavuno, na mimi kwa ujinga wangu nikamfuata kabla ahadi haijatimia. Mavuno yakaja, yakapita, yakaja mengine. Kila nikiuliza, ananiambia mbuzi wanazaa. Nilirudi nyumbani kwa sababu sikuwa mke wa mtu na nilikuwa nimechoka kuitwa hivyo. Asubuhi hiyo wewe ulikuwa umesimama mlangoni pa zizi na ulimsikia baba kwa masikio yako. Alinitazama, akamtazama jogoo, akasema, "Mimi sijala mbuzi wa mtu. Huyu ni mtoto wangu. Mpeni uji."

Maneno hayo ya baba ndiyo niliyoishi nayo miaka yote hii. Kwako yalikuwa maganda.

Nimeona haya, kaka. Sioni haya kwa sababu ya nilichofanya. Naona haya kwa sababu kila anayenitazama anadhani ananijua kuliko ninavyojijua.

Mbula


Thika, 15 Juni 1958

Kwa dada yangu,

Barua hii ni ya nne, tatu nimezichoma. Sijui hata kama nina ruhusa ya kuuliza habari zako. Mama hajui neno lolote na sijamwambia.

Umeniuliza mbuzi wako wapi. Niliwatoa. Darasani kuna Wakikuyu, Waluhya, Wajaluo, hata Mmeru mmoja, na nilijiambia nikianza kueleza ntheo nitakaa hapo nikieleza, na kicheko kitapoa. Baba naye nilimtoa kwa sababu kwake hadithi iliishia pazuri mno na mimi nilitaka hadithi iishie kwa jogoo. Nakuapia sikutoa kwa ubaya. Nilitaka wanipigie makofi, na walinipigia. Nikiyakumbuka makofi yale nasikia uso unaniwaka hata nikiwa peke yangu.

Nitawaandikia wazee wa kanisa. Nitaandika barua ndefu, kwa Kiswahili kizuri, nieleze ntheo mwanzo hadi mwisho, nao wataelewa. Nipe jina la mwenyekiti wao.

Muasya


Ruiru, 22 Juni 1958

Kaka,

Kiswahili chako kizuri tumeshakionja. Usiandike. Wazee wanataka mwanamume wa kwetu asimame aseme kwa mdomo wake. Wamekubali kutusikiliza Jumapili ya tarehe sita mwezi wa saba, baada ya ibada. Wasiposikia shahidi, hawatatutangaza, na Boaz ameambiwa aniache au atoke kwenye ushirika. Yeye anasema hatoki na haniachi, lakini halali vizuri.

Njoo. Sema maneno ya baba tu. Hata usipoongeza lako, yanatosha.

Mbula


Thika, 8 Julai 1958

Dada mpendwa,

Natumaini huko baridi si kali kama hapa. Mama amepona kabisa na anapalilia. Mzee Nzioka amenunua baiskeli.

Nasikitika kwamba Jumapili sikuweza kufika. Kulikuwa na shehena ya kupakia kwa haraka na msimamizi alitukatalia wote. Unamjua, ni mwepesi wa hasira. Nilikuwa na wewe kwa mawazo. Nieleze ilikwendaje.

Kaka yako,
Muasya


Ruiru, 20 Julai 1958

Kaka Muasya,

Salamu kwa Mama na kwa baiskeli ya mzee Nzioka.

Umeuliza ilikwendaje, basi nitakueleza, ingawa nadhani mwanzo wake unaujua. Wazee walikaa. Wakauliza shahidi wangu yuko wapi. Nikasema yuko njiani. Tukangoja. Mwenyekiti akakohoa. Boaz akatoka nje mara mbili kutazama barabara, na mara ya pili aliporudi hakunitazama usoni, akakaa. Hapo nikasimama, nikaanza mwenyewe.

Nilianza na Mbuvi na ahadi yake. Nikasema mbuzi. Mzee mmoja Mkikuyu akaitikia kwa kichwa, akasema hata kwao kuna mbuzi ambao wasipoliwa ndoa haipo, ila majina ni mbalimbali. Kwa nini tuliwaza kwamba hawataelewa? Nikafika kwa jogoo, nao wakacheka, na mimi nikacheka kidogo. Nikafika zizini kwa baba. Nilipotaka kusema maneno yake, nikainua macho, nikaona dirishani kofia yenye utepe wa kijani.

Ilikuwa imesimama pembeni, mahali ambapo mtu wa ndani haoni uso. Nikayasema maneno ya baba nikiitazama kofia ya baba. Mwenyekiti akauliza, "Na yuko nani aliyesikia haya?" Muasya, ilikuwa hatua chache kutoka dirishani mpaka mlangoni. Nikangoja. Kofia ikashuka, ikapotea.

Nikawaambia kaka yangu ni mgonjwa wa mikono, hawezi kusafiri. Nilisema uwongo ndani ya kanisa, mbele ya wazee, kwa ajili yako. Boaz alijua, alikuwa amekuona barabarani. Akanyamaza nami.

Hawakutukataa na hawakutukubali. Nitakuandikia nikipata nguvu.

Mbula


Thika, 3 Agosti 1958

Dada Mbula,

Nilikuwa dirishani.

Shehena haikuwepo. Msimamizi nilimsingizia. Nilishuka kwenye basi asubuhi nikiwa nimeyakariri maneno ya baba njia nzima tangu tulipopita Witeithie, na nilipofika nikamwona yule Nafuna uani, amekuja kwa dada yake. Alinisalimu kwa heshima, "Hujambo msimulizi." Nikaenda kusimama kando ya dirisha. Nikajiambia nitaingia wimbo ukiisha, halafu nitaingia mchungaji akitoka, halafu nikasikia sauti yako. Uliisimulia vizuri kuliko mimi. Mwenyekiti alipouliza nani aliyesikia, nilinyanyua mguu, nakuambia kweli, mguu ulinyanyuka. Kisha nikafikiri kwamba nikiingia watajua ni mimi niliyeianza. Nikaondoka. Nilipita njia ya mashambani kwenda stendi ili nisikutane na Boaz, na kumbe alikuwa ameniona zamani.

Naona haya mbele yako, na mbele yake, na hata mbele ya kofia. Nimeitundika msumarini na siivai.

Jumamosi nilimwomba Mwalimu Absalom nisimulie tena. Nikasimulia na mbuzi, na baba, na uji. Nikasema Ndila ni dada yangu Mbula. Hakuna benchi lililoanguka. Mwalimu akauliza sifa za mhusika, kama kawaida, na hakuna aliyeinua mkono. Nafuna ndiye aliyesema, taratibu, "Kumbe ni dada yako. Sasa mbona wewe uliacha sisi tucheke yeye?" Nilisimama pale na chaki mkononi. Maneno yote niliyojifunza mwaka huu, hata moja halikunijia.

Sikuombi unisamehe kwa sababu sijui ningeutumiaje msamaha. Niambie la kufanya.

Muasya


Ruiru, 24 Agosti 1958

Kaka Muasya,

Hatujambo. Mikahawa imepumzika nasi tumepumzika kidogo. Nafuna alikuja kwangu na sabuni mbili, akakaa kwenye mkeka bila kujua aanzie wapi. Nikampa chai. Mferejini sasa wananisalimu mapema mno, wote kwa pamoja, na hilo nalo linanichosha, lakini litapita.

Sasa nikumalizie habari ya siku ile, kwa maana hukuingoja. Nilipoketi, Boaz alisimama, akasema, "Wazee, kama kitu imekosa katika hii maneno yote ni mbuzi, mimi nitaleta mbuzi." Mmoja akamwambia hiyo ni desturi ya Wakamba, naye ni Mjaluo. Boaz akajibu, "Mbuzi hajui kabila yake." Mwenyekiti akacheka, kisha wakateta. Wakasema vizuri, apeleke hao mbuzi nyumbani kwetu, ukoo uwapokee na uwale, halafu aliyekula aje hapa kanisani aseme, nimekula. Jumapili hiyo hiyo watatutangaza.

Mama anajua. Nilimweleza yote mwenyewe, hata la dirishani. Akauliza tu kama unakula vizuri.

Mbuzi wataletwa Jumamosi ya pili ya mwezi wa tisa. Baba hayupo, na mahali pake hakuna mwingine wa kupokea ila wewe. Mzee Nzioka amejitolea, nimemkatalia. Umeniuliza la kufanya, nami sina neno la kukubandika. Nilijaribu, ili niutulize moyo wangu. Nilianza na mwoga nikalifuta, kwa sababu nilikumbuka pia mtu aliyekimbia asubuhi ile kunichotea uji. Hiyo haya yako usimpelekee Mwalimu, niletee mimi, nyumbani, mbele ya nyama.

Njoo ule. Ukila, nitakuwa mke wa Boaz. Usipokula, nitabaki kuwa mhusika wako.

Mbula


Thika, 31 Agosti 1958

Dada Mbula,

Mama amejuaje kwamba sili?

Ruhusa nimeomba na nimepewa, na wasingenipa ningekuja. Kofia ya baba nimeipangusa vumbi. Nitaivaa njiani, nikifika nitaivua, watu wanione uso.

Mwambie Boaz akipanga viti asiniwekee changu karibu na mlango wala dirisha. Niwekeeni katikati ya watu.

Kaka yako,
Muasya